Kuhamia Jimbo Lisilotoza Kodi ya Mapato Marekani: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

"Hamia Texas, kule hawakati kodi." Ukiishi Marekani miongoni mwa Wakenya, Watanzania na Wakongo, maneno haya utayasikia kanisani, msikitini, kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya WhatsApp. Yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama familia itasonga mbele au itajikuta pale pale ilipokuwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayepanga kuhama, na pia wa yule aliyekwisha kuhama na bado haoni tofauti mwisho wa mwezi.

Majimbo yenyewe

Yako 9: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Tennessee ilikuwa ikitoza riba na gawio mpaka mwisho wa 2020, na New Hampshire iliondoa kodi ya namna hiyo mwanzoni mwa 2025. Washington haigusi mshahara wa kawaida, ila tangu 2022 inatoza faida kubwa za mauzo ya hisa na mali za aina hiyo. Texas ilikwenda mbali zaidi: kwa kura ya 2019 wananchi waliingiza marufuku ya kodi ya mapato ndani ya katiba ya jimbo.

Kila jimbo linahitaji fedha za shule, barabara na polisi. Alaska na Wyoming zina mafuta na madini, Nevada ina kasino, Florida ina watalii. Texas inaegemea kodi ya mauzo na kodi ya majengo. Ndiyo maana taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP, katika ripoti yake ya 2024, iliweka Florida, Washington na Tennessee juu kabisa kwenye orodha ya majimbo ambako mtu wa kipato cha chini hutoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko tajiri. Mhasibu mwenye mshahara mnono na mama anayefanya kazi ghalani wanaweza kuhama siku moja kwenda mji mmoja, mmoja akafaidika na mwingine akapoteza.

Hatua ya kwanza: soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari

Kabla ya kuuza kochi na kukodi gari la kuhamisha mizigo, chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Utaona makato ya aina nne hivi. Kuna kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Kuna Social Security, mchango wa pensheni ya uzeeni, 6.2%. Kuna Medicare, mchango wa bima ya afya ya wazee, 1.45%. Halafu kuna mstari wa jimbo, na katika miji mingine mstari wa mji au kaunti.

Ukihamia moja ya majimbo 9, hiyo mistari ya jimbo na mji ndiyo inayoondoka. Mitatu ya kwanza itakufuata mpaka Alaska. Anayelipwa kwa fomu 1099, yaani anayejitegemea bila mwajiri, bado atalipa 15.3% ya Social Security na Medicare juu ya kodi yake ya shirikisho, popote anapoishi. Nasisitiza hili kwa sababu watu hufika Houston, wakaona hati ya kwanza ya mshahara bado imekatwa, wakaamini mwajiri anawaibia.

Vivyo hivyo kwa fedha unazotuma nyumbani. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya shirikisho ya 1% kwa anayetuma nje kwa kulipa fedha taslimu au hundi ya posta dirishani. Ukilipia kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani huguswi. Hilo ni la nchi nzima, halina uhusiano na jimbo lako.

Hatua ya pili: piga hesabu nzima

Tuchukue mtu mmoja anayeishi Louisville, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi, na anayefikiria kwenda Dallas. Hana mke wala watoto, anapata dola 48,000 kwa mwaka. Kentucky mwaka 2026 inatoza 3.5%. Ukiondoa kiasi ambacho jimbo halikitozi, atalipa kama dola 1,560. Mji wa Louisville nao unamkata mkazi 2.2% ya mshahara, dola 1,056. Jumla ni takriban dola 2,600 kwa mwaka, na hizo zote zinaondoka akihamia Dallas.

Sasa geuza upande wa pili. Kentucky inatoza kodi ya mauzo ya 6%. Dallas ni 8.25%. Akinunua vitu vinavyotozwa kodi vya dola 12,000 kwa mwaka, ataongeza dola 270. Inabaki faida ya kama dola 195 kwa mwezi. Hapo ndipo swali la pango linapoingia. Kama chumba anachokipata Dallas ni ghali kwa dola 200 kuliko kile cha Louisville, faida imekwisha. Na bado hajalipa bima ya gari, wala barabara za kulipia ambazo kule Dallas na Houston ziko kila upande.

Fanya hesabu hii kwa namba zako, kwenye karatasi, ukiwa na bei halisi ya bima ya gari uliyopewa kwa anwani unayokwenda na tangazo halisi la nyumba. Kama baada ya hesabu faida haifiki dola 150 kwa mwezi, mimi nisingehama kwa sababu ya kodi peke yake. Kazi bora, ndugu walio karibu au hali ya hewa ni sababu za kutosha, lakini hizo zipime kwa mizani yake.

Upande ambao wengi hawaupimi ni ule wa kinachopotea. Majimbo yanayotoza kodi ya mapato mara nyingi huwarudishia wenye watoto na kipato kidogo. Minnesota, kwa mfano, ilianza 2023 kutoa hadi dola 1,750 kwa kila mtoto kwa familia za kipato cha chini, hata kama kodi waliyolipa ni ndogo kuliko hiyo. Familia ya watoto watano inayotoka Minneapolis kwenda Fort Worth ili "isikatwe" huenda inaacha nyuma maelfu ya dola ambayo jimbo lilikuwa likiipa. Washington ni ya pekee hapa: haitozi mshahara, lakini tangu 2023 ina malipo kwa familia za wafanyakazi wa kipato kidogo, na hata wanaotumia ITIN, namba ya kulipia kodi kwa wasio na namba ya Social Security, wanaweza kuomba. Hayaji yenyewe, lazima uyaombe.

Pia bima ya afya. Texas, Florida, Tennessee na Wyoming hazikupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, iwafikie watu wazima zaidi. Watoto watapata, lakini mtu mzima mwenye nguvu zake na kipato kidogo, aliyezoea kutibiwa kwa Medicaid huko Kentucky, anaweza kufika Texas akabaki bila chochote. Ukiwa na kisukari au shinikizo la damu nyumbani, hili ni zito kuliko kodi. Na kima cha chini cha mshahara Texas na Tennessee bado ni dola 7.25 kwa saa, wakati Washington mwaka 2026 ni dola 17.13.

Hatua ya tatu: linganisha jimbo na kazi yako

Dereva wa lori anayevuka majimbo ana nafasi nzuri kuliko karibu kila mtu. Sheria ya shirikisho inasema mshahara wake unatozwa kodi na jimbo analoishi tu, hata akipita California na New York kila wiki. Akiishi Texas au Tennessee, hakuna jimbo litakalomkata. Leseni ya lori inapaswa kuhamishwa ndani ya siku 30. Kama bado hujapata green card, uliza kuhusu leseni kabla ya kuhama, maana masharti kwa wasio raia yalibanwa sana mwaka 2025.

Anayeishi jimbo moja na kufanya kazi jingine awe macho. Ukiishi Vancouver, Washington, na kuvuka daraja kila asubuhi kwenda kazini Portland, Oregon itakata kodi yake kwa kazi uliyoifanya ndani ya mipaka yake. Anayeishi New Hampshire na kufanya kazi Massachusetts yuko hivyo hivyo. Kodi hufuata kwanza mahali mwili wako ulipokuwa ukifanya kazi.

Na kuna anayefanya kazi kwa kompyuta nyumbani. Wengi wako salama, lakini New York ina kanuni yake: kama ofisi yako iko New York na umekwenda kuishi Florida kwa hiari yako, bila mwajiri kukuhitaji kule, New York inaweza kuendelea kukuhesabu kama uliyefanya kazi ofisini. Uliza idara ya mishahara kabla ya kusaini mkataba wa pango Tampa. Mwajiri pia anaweza kukataa kabisa, kwa sababu mfanyakazi mmoja tu katika jimbo jipya humletea usajili na gharama.

Mwenye duka, saluni ya kusuka au mgahawa: Texas ina kodi ya biashara, lakini kwa miaka ya 2024 na 2025 biashara yenye mauzo yasiyozidi dola milioni 2.47 haikudaiwa kitu, na kiwango hicho huongezwa kila baada ya miaka miwili. Hata hivyo kampuni yako iliyosajiliwa lazima ipeleke ripoti ya taarifa zake kila mwaka, kufikia tarehe 15 Mei, hata kama deni ni sifuri. Ukiuza vitenge au chakula kilichopikwa, chukua kibali cha kukusanya kodi ya mauzo, ambacho Texas hutoa bure. Fedha hiyo si yako, ni ya jimbo. Iweke kwenye akaunti ya pembeni siku ile ile unayoipokea.

Hatua ya nne: hama kwa vitendo na kwa karatasi

Jimbo la zamani halitakuacha kwa sababu umesema umehama. Linaangalia nia na maisha yako: familia iko wapi, watoto wanasoma wapi, leseni ya udereva ni ya wapi, umelala siku ngapi kila upande. Majimbo mengi yana kipimo cha siku 183: ukivuka siku hizo huku ukiwa na makazi pale, unahesabiwa mkazi wa mwaka mzima. Anwani ya binamu yako wa Houston kwenye fomu, huku mke na watoto wako Maryland, haitakusaidia. Ni udanganyifu, na kwa mtu ambaye bado anatafuta uraia madhara yake hayaishii kwenye faini.

Ukifika, anza na mkataba wa pango na bili ya umeme kwa jina lako, maana ndivyo vitakavyofungua mengine. Mjulishe mwajiri anwani mpya siku hiyo hiyo ili aache kukata kodi ya jimbo la zamani. Akiendelea kukata kwa uzembe, fedha itarudi, lakini utaisubiri hadi mwaka unaofuata.

Texas inakupa siku 30 kusajili gari na siku 90 kubadili leseni ya udereva. Gari uliyokuja nayo italipiwa dola 90 kama kodi ya mkazi mpya, mbali na ada ya usajili. Ukaguzi wa usalama wa magari madogo ulifutwa mwanzoni mwa 2025, ila kaunti kubwa kama Harris na Dallas bado zinapima moshi.

Sasa mambo mawili kwa wasio raia, na nayasema kwa msisitizo wote. La kwanza: ndani ya siku 10 tangu uhame, lazima uijulishe idara ya uhamiaji anwani mpya kwa fomu AR-11. Inajazwa mtandaoni, haina malipo. Wahamiaji wengi hukosa barua za miadi kwa sababu tu posta ilizipeleka nyumba ya zamani. La pili: utakapokwenda kuchukua leseni, utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama wewe si raia, jibu ni hapana. Soma kila kisanduku kwenye skrini, usimwachie mtu mwingine abonyeze. Mwenye green card aliyejiandikisha kwa kutoelewa anaweza kunyimwa uraia na hata kufukuzwa nchini. Raia naye ajiandikishe mapema, kwani ni miongoni mwa ushahidi bora kwamba umehama kweli.

Anayekwenda Alaska aelewe kwamba mgao wa fedha za mafuta, uliokuwa dola 1,702 mwaka 2024 na dola 1,000 mwaka 2025, hutolewa kwa aliyekaa mwaka mzima wa kalenda, kuanzia Januari hadi Desemba. Ukifika Februari, mwaka huo hauhesabiki.

Hatua ya tano: msimu wa kodi wa kwanza

Mwaka wa kuhama ndio wenye kazi. Utajaza ritani ya shirikisho, fomu 1040, kama kawaida kufikia tarehe 15 Aprili. Halafu utajaza ritani ya jimbo ulilotoka, kama mkazi wa sehemu ya mwaka, ukitangaza mapato uliyopata kabla ya tarehe ya kuhama. Kwa Texas au Tennessee hujazi chochote.

Angalia fomu W-2, taarifa ya mshahara wa mwaka unayopewa na mwajiri, visanduku vya 15 hadi 17. Hapo ndipo pameandikwa jimbo gani lilipewa mshahara gani na likakata kiasi gani. Kama ulihama Juni na kisanduku cha 16 kinaonyesha mshahara wa mwaka mzima chini ya Kentucky, rudi kwa mwajiri aitoe upya kabla hujatuma ritani. Kurekebisha baadaye ni barua juu ya barua.

Anayejitegemea alipe kodi ya shirikisho kila robo mwaka: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari.

Hatua ya sita: ukitaka kununua nyumba, elewa kodi ya majengo

Hapa ndipo Texas inapoichukua fedha yake, na hapa ndipo nimeona familia zikitetereka. Jimbo lenyewe halitozi kodi ya majengo. Kaunti, mji, wilaya ya shule na mamlaka nyingine ndogo kila moja ina kiwango chake, na vyote hujumlishwa.

Chukua nyumba ya dola 280,000. Tuseme wilaya ya shule inatoza 1.05% na wengine wote kwa pamoja 0.95%. Bila msamaha wowote utadaiwa dola 5,600 kwa mwaka. Ukijaza fomu 50-114 kuomba msamaha wa nyumba unayoishi, unaoitwa homestead, dola 140,000 za thamani hazihesabiwi kwenye kodi ya shule. Wapiga kura waliupandisha kutoka dola 100,000 mwezi Novemba 2025. Sehemu ya shule inashuka kutoka dola 2,940 hadi 1,470, na jumla inakuwa dola 4,130. Msamaha huo pia unazuia thamani inayotozwa kodi kupanda zaidi ya 10% kwa mwaka. Wenye miaka 65 na kuendelea, na wenye ulemavu, huongezewa mwingine, kwa hiyo kama mzazi ndiye mwenye hati, usiache kuuomba.

Kuomba ni bure, kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti. Unahitaji leseni yenye anwani ya nyumba hiyo hiyo. Mara tu baada ya kununua utapokea barua zenye sura ya kiserikali zikikutaka ulipe ili "uandikishwe". Zitupe. Kama uliishi ndani ya nyumba mwaka uliopita na hukujua, bado unaweza kuomba kwa kuchelewa, mpaka miaka miwili nyuma, ukarudishiwa.

Kila majira ya kuchipua ofisi hiyo itakuletea notisi ya thamani. Ukiona ni kubwa mno, una haki ya kupinga hadi tarehe 15 Mei au siku 30 tangu notisi itumwe, yoyote itakayokuja baadaye. Peleka picha za paa linalovuja na ufa ukutani, na bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Huhitaji wakili. Bili hutoka Oktoba au Novemba, na mwisho wa kulipa ni tarehe 31 Januari.

Jihadhari zaidi na nyumba mpya kabisa. Mwaka wa kwanza kodi huwa imekadiriwa kwa kiwanja kitupu, kwa hiyo malipo ya mwezi yanaonekana mepesi. Mwaka wa pili nyumba inahesabiwa, benki inagundua kwamba akiba ya kodi iliyokuwa ikikukata ndani ya malipo ya mwezi haikutosha, na inadai pengo la nyuma pamoja na kiwango kipya kwa mpigo. Malipo yanaweza kuruka kwa mamia ya dola kwa mwezi. Siku ya kununua, muulize mkopeshaji akuhesabie kodi ya nyumba iliyokamilika, na uweke tofauti pembeni tangu mwezi wa kwanza.

Bima nayo: ya kawaida hailipi mafuriko. Houston ilifunzwa hilo na kimbunga Harvey mwaka 2017. Florida bima ya nyumba inaweza kuizidi kodi yenyewe, kwa hiyo ulizia bei yake kabla ya kutoa ofa.

Hatua ya saba: dukani

Texas haitozi kodi ya mauzo kwenye unga, mchele, nyama, mboga na vyakula vingi vya kupika nyumbani. Chakula cha mgahawani na soda hutozwa. Tennessee jimbo linatoza 7% kwa bidhaa na 4% kwa vyakula, na kaunti huongeza hadi 2.75%. Familia kubwa inayopika nyumbani itaiona tofauti hiyo kila wiki. New Hampshire na Alaska hazina kodi ya mauzo ya jimbo. Texas kila Agosti ina siku tatu ambapo nguo, viatu na mabegi ya shule ya chini ya dola 100 havitozwi. Mwenye watoto wengi asubiri wikendi hiyo.

Mwisho, pata msaada usiolipiwa. Mpango wa IRS, idara ya kodi ya shirikisho, uitwao VITA hujazia watu wa kipato cha chini na cha kati ritani bure, kwenye maktaba, vyuo na vituo vya jamii, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili. Piga simu kwanza uulize kama wanajaza ritani ya jimbo ulilotoka, maana si kila kituo hufanya hivyo. Nenda na kitambulisho, kadi za Social Security au barua za ITIN za kila mtu nyumbani, W-2 na 1099 zote, ritani ya mwaka uliopita, na mkataba wa pango unaoonyesha tarehe uliyohamia.